Mkoba Mwekundu wa Ngazini

Majira ya baridi yalipoingia, Paw Wah aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ya shule, kabla ya wazazi wake, kabla ya majirani, kabla hata mabomba ya joto hayajaanza kugonga ukutani. Aliyemwamsha ni simu ya nyumbani iliyolala chini ya mto wake. Aliifungua, akasoma ujumbe wa shule kwa jicho moja, na hapo ndipo asubuhi ya jengo zima ilipoamuliwa.

Hakuna chumvi hapo. Ghorofa lao la matofali lilikuwa na familia tisa za Wakaren, kabila la Burma, zote zimetoka kambi moja ya wakimbizi mpakani mwa Thailandi, zote zimekuja Weller, Minnesota, Marekani, kwa ajili ya kazi katika kiwanda cha nyama ya bata mzinga. Shule ilituma ujumbe kwenye simu ya kila mzazi, lakini kwa Kiingereza, na Kiingereza cha wazazi kiliishia kwenye salamu na majina ya visu. Paw Wah alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mkubwa kuliko watoto wote wa jengo, na familia yake ndiyo iliyotangulia kufika. Basi wakakubaliana hivi: baridi ikizidi hadi shule ifungwe, Paw Wah atautundika mkoba wa baba yake, ule mwekundu uliofumwa na bibi, kwenye reli ya ngazi. Wazazi wanaotoka kwenda kazini wakiuona, watoto wanabaki. Wasipouona, watoto wanapanda basi.

Laiti ingekuwa kazi ya mkoba peke yake. Barua ya umeme, fomu ya chanjo, maelezo ya dawa ya kikohozi, vyote vilipanda ngazi na kubisha mlangoni kwao. "Paw Wah, mwanangu, hebu nitazamie hii." Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Mnyamwezi wa jengo hili alikuwa na kilo thelathini na tano tu. Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Alielewa masomo, ila polepole. Alipokuwa amepata jibu na kulipanga kichwani, mwalimu alikuwa ameshafika swali la tatu mbele. Jioni alirudi nyumbani kichwa kizito, hataki kusikia neno lolote la lugha yoyote.

Jumanne moja ya Januari shule ilifungwa kweli. Mkoba ulitundikwa, na Bibi Thweh wa ghorofa ya chini akawakusanya watoto wadogo sebuleni kwake kama kawaida yake. Paw Wah alipanga kuitumia siku hiyo kuandika ripoti yake kuhusu moyo wa binadamu, maana Jumatano alitakiwa kusimama mbele ya darasa na kuisoma. Lakini akaja jirani na karatasi za bima ya gari. Akaja mwingine, anataka apigiwe simu kwa daktari, na simu ya daktari ikawachezea muziki wa kusubiri kwa dakika arobaini. Wakati wa kulala ulipofika, ripoti ilikuwa na kichwa cha habari na picha ya moyo, basi.

Alfajiri ya Jumatano simu ililia. Ujumbe ulikuwa mfupi: leo shule iko wazi, mabasi yatapita saa zile zile. Paw Wah alitoka hadi ngazini bila viatu. Mkoba ulikuwa unaning'inia palepale tangu jana. Alinyoosha mkono autoe. Akawaza darasa zima likimtazama, na karatasi yake ikiwa tupu. Akawaza vile vicheko vidogo vya nyuma. Mkono ukarudi.

"Sijatundika kitu," alijiambia akiingia ndani. "Ulikuwapo tangu jana."

Mama yake alipotoka chumbani na kuuona mkoba, alikuja akampapasa kichwa. Vidole vya mama havikukunjika vizuri asubuhi, kwa sababu ya kisu alichoshika mchana kutwa. "Leo tena? Lala, mwanangu, upumzike," alisema. "Wali uko kwenye sufuria." Paw Wah alifumba macho akajifanya ameshasinzia. Baba na mama wakaondoka kwenda kazini.

Haukupita muda, mlango ukabishwa taratibu mara tatu. "Paw Wah, ni mimi, Mama Lweh."

Mama Lweh alikaa mlango wa pili. Mume wake alifia kambini, naye alilea peke yake watoto wawili, Lweh wa miaka sita na mdogo wake wa miaka minne, aliyesoma chekechea ya shule hiyo hiyo. Paw Wah alimpenda, lakini asubuhi ile aliiona tu karatasi nyingine ikija. Alijifunika blanketi.

"Dada, kuna mtu," alinong'ona Eh Doh, mdogo wake wa miaka saba.

"Nyamaza."

Mlango ukabishwa tena mara moja, kisha nyayo zikaondoka. Saa moja na nusu basi la njano lilisimama mbele ya jengo, likapiga honi. Eh Doh alikimbilia dirishani, akasema basi hilo hapo. Paw Wah akamwambia dereva hajapata habari. Eh Doh hakuuliza tena, maana katika mambo ya shule, neno la dada yake lilikuwa la mwisho. Basi likaondoka tupu, na Paw Wah akalala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu Desemba.

Alhamisi asubuhi hapakuwa na mkoba, na watoto wote wakapanda basi. Karani wa shule alimwuliza Paw Wah kwa nini watoto kumi na wanne wa jengo moja hawakuonekana jana. Akajibu kwamba ilikuwa baridi. Darasani alijiandaa kwa aibu yake, ila alisikia kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa mgonjwa jana na hakuna aliyesoma ripoti. Zingesomwa wiki ijayo. Paw Wah alikaa kwenye kiti chake akajisikia mjinga.

Jioni, familia ikiwa imeketi mkekani inakula wali na mchuzi wa vichipukizi vya mianzi, Mama Lweh aliingia na karatasi mkononi. Alikuwa bado na buti za kazini. Alieleza polepole. Jana aliuona mkoba, akateremka kwa Bibi Thweh awaache watoto, akakuta mlango umefungwa. Mtoto wa Bibi Thweh alikuwa amempeleka mama yake kwa daktari wa macho alfajiri kungali giza. Wengine walikuwa na watoto wakubwa wa kuwaangalia wadogo; yeye hakuwa na wa kumwachia, akabaki nao, na hata honi ya basi alipoisikia, aliuamini mkoba. Kiwandani, kukosa bila ruhusa ni alama moja, na alama tano ni kuachishwa kazi. Hiyo ilikuwa ya tano. Zile nne za kwanza alizipata vuli, mtoto mdogo alipolazwa kwa homa ya mapafu.

"Lakini mama wa ofisini ni mtu mwema," alisema. "Mkalimani ameniambia, nikileta karatasi ya shule kwamba Jumatano ilifungwa, wataifuta. Mwisho ni Jumatatu asubuhi. Paw Wah, niombee karatasi hiyo kesho, binti yangu."

Mama Paw Wah akajibu kabla ya binti yake, kwamba hilo ni jambo dogo, ataileta. Mama Lweh akashukuru. Alipofika mlangoni aligeuka. "Nilibisha kwenu jana nikuombe unikalie na watoto. Nikaona umelala, nikasema acha, mtoto huyu anachoka."

Paw Wah alirudisha tonge lake kwenye sahani.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba ya shule. Alikuwa ameomba kwa karani barua ya kweli, ile ya kufungwa Jumanne. Kuinakili na kubadili siku halikuwa jambo gumu. Kiingereza cha barua za shule alikijua kuliko watoto wengi waliozaliwa nacho. Alichapa, akaiga sahihi ya mwalimu mkuu, akaikunja. Ilikuwa safi. Wakati wa kurudi, ndani ya basi, aliishika mfukoni njia nzima.

Ngazini alikutana na Mama Lweh akirudi kazini, vifundo vya mikono vimefungwa bandeji. Alitegemea ataulizwa karatasi. Mama Lweh alimtazama tu usoni, akamwuliza, "Umekula chochote leo, wewe?"

Swali hilo lilimshinda. Alipanda hadi kwao, akavua koti, akangoja hadi baba na mama wakae mkekani. Kisha akaiweka barua katikati, kando ya sufuria.

"Karatasi hii nimeiandika mimi," alisema. "Jumatano shule ilikuwa wazi."

Baba yake aliacha kutafuna tambuu. "Na mkoba?"

"Sikuutundika, baba. Ulikuwapo tangu Jumanne. Sikusema neno lolote."

"Mkoba hauna mdomo," baba alisema. "Mdomo wake ni wewe. Ulijua watu wataelewa nini, ukauacha." Hakupandisha sauti. Alionekana mtu aliyechoka ambaye ameongezewa gunia jingine. Mama aliichukua ile barua, akaichana vipande vidogo, akalia. Kisha baba akasimama na kumwambia Paw Wah avae viatu.

Kwa Mama Lweh, Paw Wah alisimama karibu na lundo la viatu mlangoni akasema yote, tangu ripoti ya moyo hadi barua. Mama Lweh alikaa chini polepole. Watoto wake waliacha kucheza wakamtazama.

"Nilibisha," alisema Mama Lweh.

"Nilikusikia, mama mdogo."

"Ulinisikia."

"Ndiyo."

Kupigwa kungekuwa nafuu. Mama Lweh hakumpiga wala hakumtukana. Alisema kwamba alikaa kambini miaka kumi na tisa akingoja siku ya kufanya kazi na kulisha wanawe kwa mikono yake, na kwamba sasa hajui Jumatatu itakuwaje. Kisha akaomba waende, maana watoto walikuwa hawajala.

Jumatatu, kabla ya zamu kuanza, watatu hao walisimama katika ofisi ya kiwanda: baba, Mama Lweh na Paw Wah. Baba alikataa mkalimani. Kosa ni lako, alimwambia, na ulisimulie kwa mdomo wako. Paw Wah alimweleza mama wa ofisini, Bi Jorgenson, kwamba shule ilikuwa wazi, kwamba yeye ndiye aliyeiacha alama ya uongo ngazini, kwamba Mama Lweh alibisha mlango kutafuta msaada naye hakufungua. Maneno mawili yalimpotea katikati, lakini alifika mwisho.

Bi Jorgenson alivua miwani akajifuta macho, mwanamke mwingine aliyechoka. Alisema siku iliyokosekana imekosekana, hawezi kuifuta yote. Ila kwa kuwa wamekuja wenyewe, tena na ukweli, ataandika nusu alama. Mama Lweh atabaki kazini, chini ya onyo hadi majira ya kuchipua. Paw Wah alitafsiri. Mama Lweh alishika ukingo wa meza, akapumua, akaenda kuvaa aproni yake.

Baba alikuwa na dakika chache kabla ya zamu yake. Walikaa garini, injini ikinguruma, wakingoja mama wa mtoto mmoja wa darasa la jirani aje amchukue Paw Wah kwenda shule.

"Nisikilize," baba alisema. "Kuchoka si kosa. Ungekuja ukasema, baba nimechoka, siwezi tena, ningekasirika kidogo, halafu tungelala. Lakini uliuficha uchovu wako ndani ya uongo, na uongo huo ukamwangukia mtu asiyekuwamo. Anayeaminiwa na wengi, mwanangu, akidanganya kidogo anaumiza wengi." Alitazama mikono yake. "Hilo ni kosa lako. La kwetu ni kwamba tulikutwisha mzigo wa watu wazima kwa sababu ulikuwa karibu na hukukataa. Tutautua."

Akautua kweli. Karatasi zilipigwa marufuku baada ya chakula cha jioni. Jumapili baada ya kanisa, wazazi wa jengo walikutana chumba cha kufulia, Paw Wah akawaandikia kwenye kadibodi maneno matatu ya ujumbe wa shule: lile la wazi, lile la kufungwa, lile la kuchelewa. Wazee wazima waliyafuata kwa kidole huku wakitaniana kwamba mwenye kufeli atafua nguo za wote. Na mkoba ulihama. Sasa ulikaa kwenye msumari ndani kwa Mama Lweh, naye ndiye wa kuutoa ngazini; kila alfajiri alikuja na simu yake, Paw Wah akasoma kwa sauti, Mama Lweh akifuata neno kwa neno bila kusema mengi. Majirani nao walikuwa bado wanaulizana, hivi ni hakika? Paw Wah aliwasikia, akasoma tena.

Mwishoni mwa Februari baridi kali ilirudi. Simu ililia saa kumi na moja, Paw Wah akasoma: shule imefungwa. Aliamka akaenda ngazini kumbishia Mama Lweh. Hakufika mlangoni. Mkoba mwekundu ulikuwa tayari kwenye reli, na Mama Lweh ameketi kwenye ngazi na koti lake, simu mkononi, kidole chini ya neno moja.

"Nimesoma sawa?"

Paw Wah alilijua jibu, lakini aliketi karibu naye, akaipokea simu, akausoma ujumbe wote mwanzo hadi mwisho.

"Umesoma sawa, mama mdogo."

Mama Lweh alimvuta akamfunika kwa upande wa koti lake, mara ya kwanza tangu siku ile. "Basi rudi ukalale," alisema. "Nikibisha, utafungua?"

"Nitafungua," alisema Paw Wah, akaenda kulala.