Mawe Meupe ya Baba

Ndugu zangu, palikuwa na nyumba yenye amani. Kila baridi ilipopungua, baba, mlinzi wa msitu, alipanda mlimani na binti yake, fundi cherehani, kukagua airisi, maua ya porini. Zilikuwa aina sita. Moja, fupi na nyeupe yenye bluu katikati ya ua, iliota chini ya jabali moja tu. Kando ya kila kichaka adimu baba aliweka jiwe lililopakwa chokaa, ili wachungaji wapitishe mbuzi mbali.

Baba alipofariki, kaka wa binti alirudi nyumbani, baada ya kushindwa kila biashara huko alikokuwa. Alijiita Mtaalamu. Utaalamu wenyewe ulikuwa kuongea kwa sauti kubwa. Hoteli ya bondeni ilitaka maua ya porini kwenye vyungu, naye hakujisumbua kutafuta: alifuata mawe ya marehemu, aking'oa penye kila jiwe. Tena aling'oa yakiwa yamechanua, maana bila rangi asingeyatofautisha na majani ya mbuzi.

Binti alimkuta uani akishindilia tunguu, yale mashina manene ya chini ya airisi, kwenye vyungu vya udongo mzito.

"Kaka, hizo za jabalini hazijatoa mbegu. Bakiza hata tatu."

"Wewe shona magauni, mdogo wangu. Mzee kaniwekea alama, unataka nini tena?"

"Aliweka ili zilindwe."

"Basi nazilinda. Hotelini kuna geti."

Akacheka peke yake.

Hotelini zilimwagiliwa asubuhi na jioni. Airisi ya jabali huishi pakavu, penye mawe; wiki ya tatu tunguu zote zilioza, vyungu vikatupwa nyuma ya jiko. Binti alifukua jalala kwa mikono akitafuta hata kipande kigumu cha kupanda tena. Hakupata. Akapanda jabalini: shimo, na jiwe la baba pembeni, chokaa ingali nyeupe.

Alilibeba hadi nyumbani, akaliweka mezani mbele ya kaka yake aliyekuwa akila. Mtaalamu akauliza kama ni la kusagia pilipili.

Mafunzo

Anayegeuza alama za ulinzi kuwa ramani ya uporaji si mrithi, ni mwizi mwenye jina la marehemu. Kujua ua lilipo hakukufanyi uwe mmiliki wake. Mlima ule ulikuwa na aina sita. Wapelekeni watoto wakahesabu tano, kisha muwaambie ni kwa nini.