Sale Lililogongwa Muhuri

Kuku ndio walioanza. Asubuhi ile, kule Mwika, walifika kizingitini kwa Filemon, wakajipanga foleni, kisha wakageuka mmoja mmoja kama watu waliorudishwa ofisini. Filemon akacheka. Huyu bwana alikuwa fundi wa kucheka, kifua mbele, buti linang'aa kuliko akili yake. Alikuwa askari wa geti dogo la mpakani, juu ya mji wa Mkuu, na alikuwa likizo akisubiri mkewe Elinipendo ajifungue.

Saa nne uchungu ukashika. Akamwita Stella, muuguzi jirani. Stella akaja mbio na begi lake, akafika mlangoni, mguu ukagoma.

"Ingia basi, shemeji. Au mpaka nikutandikie zulia?"

"Filemon," Stella akanong'ona, "kuna mama hapa ananizuia. Anasema nina barua ya daktari mmoja tu. Anataka za pande zote mbili."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, spiriti ya hospitali na khanga iliyolowa jasho la homa. Filemon aliijua.

Kicheko kikamkauka, maana sharti la barua mbili lilikuwa la getini kwake. Ng'ambo watu walikuwa wakipigana kwa bunduki, na gari moja la wagonjwa lilishapitisha silaha chini ya machela, na Davis, askari mwenzao, akauawa nazo. Sharti halikuwa baya, tuseme ukweli. Ubaya ulikuja siku alipofika Dominika, mzaliwa wa Mwika aliyeolewa ng'ambo, mtoto anachemka mgongoni, mkononi barua moja ya daktari wa kwao. Kumpigia daktari wa upande huu ni dakika mbili, na namba ilibandikwa ukutani. Dominika akachuma sale, jani la kuombea radhi, akalifunga fundo, akapiga magoti. Kila Mchagga anajua: ukiletewa sale, hata na aliyemuua ndugu yako, unasikiliza. Filemon akalilaza jani mezani, akaligonga muhuri: IMEKATALIWA. Wenzake wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mtoto alifia pale getini. Mama akambeba kurudi naye ng'ambo, na risasi zikampata njiani.

"Filemon," Elinipendo akaita kutoka chumbani, "mbona Stella haingii?"

Filemon akambeba mkewe amtoe nje, na mlango ukiwa wazi, jua likimulika migomba, ng'ombe wakicheua bandani kama kawaida, wakagota kwenye kitu cha baridi kisichoonekana, laini kama mgongo wa mtu aliyewapa kisogo, na kila alipokisukuma kilipumua, pumzi fupi fupi za mtoto mwenye homa, na kila pumzi ilipotoka Elinipendo naye aliguna na damu ikamchuruzika mguuni.

Stella akamleta Baba mkubwa Sifael, mzee wa matambiko wa ukoo, na kibuyu cha maziwa; habari za getini zilishamfikia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Acha shikamoo. Ulilifanya nini sale la watu?"

"Nililigonga muhuri."

Mzee akamtazama. "Nimewaombea wezi. Nimewaombea wachawi. Mpumbavu sijawahi."

Akamimina maziwa kizingitini. Maziwa yakarudi miguuni pake. Filemon akapiga magoti upande wa ndani wa mlango, yeye na kifua chake.

"Dominika mama, nipige mimi. Huyu hakukukosea."

Sauti ikajibu kwa utulivu, karibu kabisa na sikio lake. "Wangu naye hakukukosea."

Elinipendo akamshika shati.

"Mgonjwa apite," sauti ikasema. "Askari abaki zamu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka aje wa kukupokea."

Ubaridi ukafunguka. Stella akamdaka Elinipendo, akampeleka kwake, na kabla ya saa nane Elinipendo akajifungua salama, mtoto wa kike, akamwita Grace.

Siku ya tatu Elinipendo akarudi na kichanga chake. Filemon alikuwa amesimama mlangoni, sare imenyooka, macho hayapepesi.

"Baba Grace," akamwambia, "njoo umwone mwanao."

Filemon akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa foleni.

"Mama," akasema kwa adabu, "rudi nyuma ya mstari."