Muhanga wa Karatasi ya Mafuta

Kila asubuhi, wanafunzi wa darasa la tano wakishafagia uwanja na kumwagilia maua, Mwalimu Getrude aliandika ubaoni jambo moja la ajabu kuhusu mnyama. Jumatatu: shingo ya twiga, kwa urefu wake wote ule, ina mifupa saba tu, sawa na ya mtu. Jumanne: jasho la kiboko huonekana jekundu. Kisha alisema, "Haya, mchoreni. Nataka kazi kabla ya mapumziko." Mwaka ule wa 1996 shule yao ya Kawajense ilikuwa imepakwa chokaa upya, na mchoro bora wa wiki ungechorwa kwenye ukuta wa nje, kila mpita njia auone.

Minza aliutaka ukuta ule kufa na kupona. Tatizo mkono! Baba yake alikuwa mfugaji aliyehamia Mpanda na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na kila mnyama aliyechorwa na Minza aligeuka ng'ombe. Twiga wake, ng'ombe mwenye shingo ndefu. Kiboko wake, ng'ombe aliyevimbiwa.

"Leo ng'ombe gani, Minza?" alimtania Celestin, waliyekaa naye dawati moja. Darasa zima likaangua kicheko. Minza alifuta, akachora, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Hivi jamani, wenzake wamepewa mikono gani?

Alhamisi ubao ulisema: muhanga huziba matundu ya pua anapochimba, udongo usiingie. "Huyu mleteni kesho," Mwalimu aliagiza.

Minza hakuwahi kumwona muhanga, maana mnyama huyo hutoka usiku. Jioni alifungua kitabu cha baiolojia cha kaka yake Luhende, aliyesoma sekondari, akamkuta muhanga mzima, masikio marefu na pua kama ya nguruwe. Akaipaka karatasi mafuta ya taa mpaka ikawa inaonyesha upande wa pili, akailaza juu ya picha, akafuatisha mstari kwa mstari.

"Umechora mwenyewe?" Mwalimu aliuliza Ijumaa asubuhi.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona inanuka mafuta ya taa?"

"Koroboi ilimwagika, Mwalimu."

Uongo ulimtoka laini kama mlenda. Mwalimu akatabasamu. "Hongera sana! Saa nane chukua mkaa, umchore ukutani. Awe mkubwa kuliko mbuzi."

Minza alirudi dawatini. Ukutani karatasi ya mafuta ingemsaidia nini?

Saa nane ilipofika, darasa zima lilijipanga nyuma yake. Minza akavuta mgongo. Akavuta tumbo, akashusha miguu. Loo! Ng'ombe!

"Yaani ng'ombe tena?" Celestin alishangaa.

Minza aliubwaga mkaa chini. "Nimechoka!" alilia. "Sijui kuchora mimi, nyie hamjaona? Yule wa karatasi nilimnakili kitabuni. Na koroboi haikumwagika."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Getrude aliwaambia wengine waende nyumbani, akabaki na Minza.

"Nimeudhika," alisema. "Ukuta atachora Celestin Jumatatu, na leo utamfuta huyo ng'ombe na kupaka chokaa upya."

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa chora ng'ombe hapo chini mchangani."

Minza alidhani anadhihakiwa, lakini akainama, akachora kwa kidole.

"Angalia alivyosimama vizuri," Mwalimu alisema. "Fupisha miguu. Pandisha mgongo, uwe na upinde. Mkia unenepe pale unapoanzia."

Minza alifuta na kuchora, midomo kaibana kwa hasira. Mara ya tatu, mchangani palikuwa na kitu chenye mgongo wa upinde na masikio marefu. Kichwa kilikuwa kibaya kweli. Lakini ng'ombe hakuwa.

"Ni muhanga, Mwalimu!"

"Ni muhanga, na ni wako. Sikiliza, mwanangu. Ukiniletea kazi mbaya ya mkono wako, naona umefika wapi, nami nakufundisha kuanzia hapo. Ukiniletea ya kitabu, nitamfundisha nani? Kitabu kinajua tayari."

Minza alijifuta machozi kwa mkono wenye mkaa, akaenda kuchukua ndoo ya chokaa.