Pumzi Ndani ya Merikebu

Gundi ilikuwa mbichi. Hilo lilipaswa kumshtua Mzee Taratibu, na kweli lilimshtua, ila kidogo tu, kama mtu anayekuta mlango wake wazi akajiambia labda alisahau kuufunga. Sanduku alilinunua kwenye duka la vitu vilivyokwisha tumika. Lilikuwa limejaa vumbi, karatasi yake ya maelekezo imegeuka rangi ya chai, na mwenye duka aliapa kwamba lilikaa juu ya rafu ile tangu yeye hajaoa. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao vya kuundia merikebu ya mfano, ya kuweka juu ya kabati, yenye milingoti mitatu. Mtu alikuwa ameianza akaiacha njiani: ubavu mmoja umeshafunikwa mbao, wa pili bado mifupa mitupu. Na pale mtu huyo alipoishia, gundi ilinata kwenye kidole cha Mzee Taratibu ikavutika.

"Ni unyevu tu," alijiambia.

Jina la Taratibu alipewa kazini. Alitengeneza saa mpaka akastaafu, na maisha yake yote hakuwahi kuvunja kitu ili akifungue. Saa iliyogoma, mafundi wenzake waliibandua kwa bisibisi, yeye aliibembeleza. Wateja walisubiri hadi wakachoka, lakini hakuna aliyerudishiwa saa yenye mkwaruzo. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyojivunia mkewe, na mkewe alilijua, akaligeuza mzaha.

"Siku nyumba hii ikiwaka moto," alizoea kusema, "huyu atatafuta ufunguo kwanza."

Mke mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo, mwenye kifua kipana. Akipuliza filimbi, uwanja mzima ulisimama. Watoto wao walishahama, nyumba ilikuwa kimya, naye alifurahi kumwona mumewe akipata la kufanya.

Mzee Taratibu alikuwa na mazoea ya kupulizia kila kitu anachokishika, kama alivyopuliza vumbi kwenye saa. Alibandika ubao, akapuliza ili gundi ikauke. Haikukauka. Alipuliza mpaka kikohozi kikamkamata, na ubao ukateleza. Mkewe akacheka, akainama juu ya bega lake, akapuliza mara moja. Gundi ikashika hapo hapo, kana kwamba ubao umepigiliwa msumari.

"Haya, nimeshakuwa feni yako," alisema mke.

Basi ikawa hivyo. Mume anabandika, mke anapuliza. Ubavu ukafunikwa, milingoti ikasimama, matanga yakafungwa kwa nyuzi ambazo mzee alizipiga mafundo kwa kibano. Mwisho ikabaki sitaha, ule mfuniko wa juu. Kabla ya kuifunga, mzee aliona chembe ya vumbi ndani ya tumbo la merikebu.

"Hebu ipulize, mke wangu. Kwa nguvu."

Mke akavuta pumzi, akapuliza ndani. Mzee akabandika sitaha papo hapo, na mkewe akaanza kukohoa.

Hakuacha tena. Alihema akitoka kitandani kwenda mlangoni. Daktari alimpima mapafu akasema ni mazima, akampa dawa, na dawa haikusaidia kitu. Nyumba ikaanza kunuka maji ya chumvi na mbao zilizooza, ingawa bahari ilikuwa mbali sana na mji ule. Mchana kweupe, juu ya kabati, merikebu ililialia kama mlango unaosukumwa polepole.

Dada mdogo wa mke, aliyekuja kumuuguza, ndiye aliyeona jambo lenyewe.

"Shemeji," alinong'ona, "yaangalie yale matanga. Madirisha tumefunga. Dada akikosa hewa, yanajaa. Akipata kidogo, yanalegea."

Mzee aliangalia. Aliona, akaona tena, na bado kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa kwamba matanga yamekaa vizuri.

Shemeji yake huyo akamleta mganga, mwanamke mzima asiye na maneno mengi, ambaye alifika mlangoni mwa chumba cha merikebu akakataa kuingia.

"Humo mna jini, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeianza alilijua, akakimbia. Lilikuwa linangoja pumzi ya mtu, nanyi mmeipuliza ndani mkaifungia pamoja nalo."

"Nitaifungua."

"Usifungue! Nisikilize. Ukifungua, litakalotoka kwanza ni jini, na litaingia kwenye kifua cha mkeo, maana kimebaki kitupu. Pumzi yake itabaki humo. Vunja. Wewe uliyefunga, kwa mkono wako, pigo moja. Jini likikosa nyumba linapotea, na pumzi inarudi kwa mwenyewe."

Shemeji akampa nyundo. Mzee akaomba aachwe peke yake.

Akainua nyundo. Kutoka chumba cha pili mkewe alimwita, sauti imekatika vipande, "Mzee... wangu... haraka," naye akaangalia mafundo yale, kila fundo dogo kuliko punje ya mchele, akaangalia ubavu ulivyopinda bila ufa, akafikiri kwamba hajawahi kuvunja kitu, hata mara moja, na kwamba mganga ni mganga tu, anajua nini kuhusu kazi ya mikono, na kwamba pumzi ni hewa na hewa hupita popote penye upenyo, na wakati anafikiri hivyo mkono wake ulikuwa umeshailaza nyundo mezani bila kelele, umeshawasha birika, umeshauelekeza mvuke kwenye gundi ya sitaha na kuchukua wembe mwembamba.

"Nakuja, mama," aliitikia. "Dakika moja tu."

Sitaha iliinuka kama mfuniko wa saa. Hakuna kilichokwaruzika. Matanga yakanywea, na upepo wenye unyevu ukampiga usoni, baridi, ukanuka, ukapita chini ya mlango.

Kisha shemeji akapiga kelele za furaha.

"Anapumua! Shemeji, dada anapumua!"

Mzee alilia kwa furaha. Mganga akaja mlangoni, akaiona nyundo imelala, akaiona merikebu nzima. Akamshika shemeji mkono.

"Twende, binti."

"Lakini dada amepona!"

"Yule si dada yako. Twende."

Hatua nzito zikaja kutoka chumba cha pili. Mke akaingia, mashavu yamejaa, nguo zake zikinuka chumvi, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote.

"Hukuikwaruza hata kidogo," alisema kwa sauti ile ile ya mkewe. "Nilijua."

Ndipo mzee akasikia. Kutoka ndani ya tumbo la merikebu, mtu alikuwa anahema. Aliujua mhemo ule. Miaka yote alilala nao kitanda kimoja. Ulikatika, ukaanza tena, ukajikusanya kana kwamba unatafuta neno.

Aliyeketi kitini akachukua sitaha, akaipaka gundi, akairudisha mahali pake. Mhemo ukawa mdogo, ukasikika kwa shida.

"Puliza, mzee wangu," alisema akitabasamu.

Nyundo ilikuwa bado karibu na kiwiko cha mzee. Mzee Taratibu aliitazama, akazitazama nyuzi. Kisha akainama akapuliza, na kwa mara ya kwanza gundi ile ikakauka kwa pumzi yake mwenyewe.