Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Kila asubuhi Khairunisa aliwahi shuleni, akafagia chumba cha kompyuta, kisha akafanya mazoezi ya hesabu mpaka kengele ilipolia. Shule yao ya Kitale ilikuwa na kompyuta moja tu yenye nguvu. Mwalimu Wamalwa alikuwa ameigawa kwa programu maalumu, ikawa kama kompyuta kadhaa ndani ya moja, na kila mwanafunzi akapata skrini yake.

Humo ndimo Khairunisa alimofanyia mtihani wa mchujo. Alipita vizuri, akaalikwa Bungoma kwa fainali ya mashindano ya hesabu, Mwalimu Wamalwa akamsindikiza.

Lakini mlangoni mwa ukumbi, msimamizi, Bwana Gachanja, alimzuia.

"Jina lako limeondolewa. Programu yetu ya mtihani imegundua ulitumia kompyuta iliyo ndani ya nyingine. Wezi wa mitihani hufanya hivyo. Maswali wanayafungua kwenye kompyuta ya ndani, majibu wanayachungulia kwenye ile ya nje."

"Shuleni kwetu sote tunatumia hiyo," Mwalimu Wamalwa alieleza.

"Kila mtu ana kisingizio, mwalimu."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Twende nyumbani, mwanangu. Tutajaribu mwaka ujao."

Khairunisa alitikisa kichwa. Hakusogea.

"Siondoki, mwalimu. Nikiondoka watasema niliiba." Akamgeukia msimamizi. "Samahani, mzee. Programu yenu ilijuaje?"

"Ilisoma jina la mtengenezaji wa mashine. Halikuwa la kiwanda. Lilikuwa la ile programu ya kugawa kompyuta."

"Hiyo ni kweli. Lakini iliniona nikichungulia jibu?"

"Ati unanihoji? Wewe mtoto una mdomo!"

"Nipe maswali mengine, kwa kompyuta yako, ukisimama nyuma yangu. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe."

Watu walianza kukusanyika. Gachanja alisita, kisha akavuta kiti. Khairunisa alijibu maswali ya kwanza haraka. La mwisho lilimtoa jasho. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Alipomaliza, Gachanja alikagua, akarudia kukagua.

"Yote sahihi," alisema. "Binti, nimekukosea. Programu ilitambua mashine tu. Mimi ndiye niliyekuita mwizi. Ingia."

Khairunisa hakuinuka. "Na wengine mliowafungia nje kwa sababu hiyo hiyo?"

Gachanja alitoa simu yake. "Nao watapimwa upya. Nawapigia sasa hivi."

Mwalimu Wamalwa alimshika Khairunisa bega. "Nilitaka tuondoke ili tusimkasirishe mkubwa. Nilikosea. Mtu mkweli akisingiziwa, asitoroke wala asitukane. Asimame, aombe kupimwa mbele ya watu. Haya, nenda, wanakungoja."