Kiraka cha Hema

Fundi cherehani hawezi kukipita kitambaa kizuri. Ndiyo maradhi yao, na ndiyo yaliyomponza huyu mama, mtu mzima na akili zake timamu.

Alipanda milima na mumewe, dereva wa lori, wapumzike kidogo. Pumziko gani hilo, jamani! Mvua ilisukumwa na upepo ikawa inanyesha ubavuni. Alasiri upepo ukalichana hema, pale pale juu ya mume, naye homa imeshampanda, meno yanagongana.

"Mke wangu, nikiendelea kulowa sitaiona kesho," akanong'ona.

"Utaiona. Uzi na sindano ninavyo."

Kasoro kiraka. Akatoka kutafuta, na kando ya chemchemi akakuta kitu kimeanikwa juu ya mwamba, kikubwa kama shuka, laini, cha kijivu. Mvua yote ile, nacho kikavu. Kina na joto.

"Kiache," mume akasema kutoka mlangoni mwa hema, hatua chache tu, alipomwona anakipapasa kwa raha. "Cha mtu mavi."

"Mtu gani huku? Utakufa kwa adabu wewe."

Akakata kipande kwa mkasi. Kikatoa harufu ya maziwa yaliyochacha, akabana pua. Akashona vizuri, na alipofika mwisho akakata uzi kwa meno, mazoea ya tangu ujana. Midomo ikagusa kiraka. Kilikuwa na chumvi, na vinyweleo, navyo vikasimama.

"Ptuu!" Alitema, akasukutua, akatema tena. Ncha ya uzi ikanasa kwenye gego, ikakataa kutoka.

Hema likakauka, mume akasinzia. Ila giza lilipoingia kiraka kikaanza kutoka jasho, matone mazito ya manjano yaliyonuka usaha yakimdondokea mama wa watu shavuni, kikawa kinavimba na kunywea kama tumbo la mtu anayepumua, na huko chemchemini kikaanza kujikokota kitu, chubwi, chubwi, kikapanda matopeni hadi hemani, kikapapasa turubai kwa vidole vibichi vinavyonata, vikiacha utelezi kila vilipopita, mpaka vikafika kwenye kiraka vikatulia.

"Nilivua nioge tu," ikasema sauti ya chini, ya mtu aliyeudhika. "Nani kanikata?"

Fundi akajivuta karibu na mumewe. "Nisamehe, mwenyewe," akanong'ona. "Chukua chako. Mume wangu mgonjwa, niachie yeye tu."

"Hiki umeshakitoboa na kukitia mate. Kinanitia kinyaa. Nitachukua kingine."

Akamkumbatia mumewe, akafumba macho hadi usingizi ukamwiba.

Asubuhi jua linawaka. Mpasuko wa hema uko wazi, kiraka hakipo. Mume kaketi, homa imekwisha, anaulizia chai.

"Nimelala kama mtoto," akasema. "Mgongo tu unaniwasha. Hebu nikune."

Akampandisha shati. Katikati ya mabega palikuwa na kipande cha kijivu, chenye vinyweleo, kinatoka jasho la manjano, kimeshonwa pande zote kwa mshono safi. Aliujua mshono ule. Ulikuwa wake.

Kichefuchefu kikampanda, ulimi ukagota kwenye ile ncha ya uzi. Akaishika kwa vidole viwili, akaivuta kwa nguvu.

"Aaah!" mume akaguta. "Nimesema nikune, mbona unanivuta?"