Jukwaa Lisilo na Tarehe

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba tarehe hazikuwepo. Ilikuwa mwaka 2019, mchana, nimekaa na baba kwenye benchi la Ashiraf, fundi simu wa mjini Tarime, kama tulivyofanya kila tulipoleta maziwa. Baba hakujua kusoma. Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini nyumbani kwetu Nyanungu hakuna aliyenizidi, hivyo kazi ya kumsomea jukwaa kwenye simu ilikuwa yangu.

Jukwaa hilo lilikuwa la mtandaoni. Watu walionunua hisa katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, waliandikiana habari humo. Zamani lilikuwa rahisi. Maneno ya leo yalikaa juu, ya jana chini yake, na kila mtu alitaja kijiji chake. Duara likiingia maji, tulijua siku hiyohiyo.

Wiki hiyo wenye jukwaa walikuwa wamelibadilisha. Rangi zilipendeza. Lakini juu kabisa yaliwekwa maneno yaliyopendwa na wengi, hata yakiwa ya zamani, na onyo la mtu mmoja lilizama chini. Wanachama walilalamika. Rukaya wa Sirari aliandika kwamba ni kama mtu amekupangia jiko lako upya ukiwa safarini: unatafuta chumvi, unashika sabuni. Wenye jukwaa walimjibu kwa neno moja tu, kwamba mtazoea.

Baba alikuwa na hamu ya duara moja upande wa Nyamongo. Ili apate hisa, ilibidi amuuze ng'ombe wetu pekee mwenye maziwa. Siku hiyo, juu kabisa, nilisoma kwamba mawe ya duara hilo yanang'aa na hisa zimebaki chache.

Baba aliinama karibu yangu. "Yameandikwa lini hayo?"

Nilitafuta tarehe. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, ukafunguka ukurasa nisioujua. Wateja wa Ashiraf wakaanza kututazama.

"Mzee Mseti, msomaji wako amekwama," mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Uso uliniwaka moto. "Jana," nikamjibu baba.

Alhamisi ng'ombe alikwenda mnadani. Aliyemnunua alimvusha mpaka wa nchi siku hiyohiyo. Kesho yake baba alifika machimboni, fedha amezifunga kiunoni, akakuta duara limejaa maji na vyura. Mlinzi alimwambia lilifungwa miezi mitatu iliyopita, tena yeye ni mtu wa sita kuja wiki ile na habari za jukwaani.

Fedha zilirudi nyumbani, ila ng'ombe hakurudi. Mnadani ng'ombe wa maziwa walikuwa wamepanda bei, basi baba akanunua ndama jike. Tulimngoja miaka miwili. Wadogo zangu walikunywa uji mtupu, na Werema, mdogo kuliko wote, alikuwa akisukuma kikombe pembeni akiuliza maziwa yamekwenda wapi.

Ashiraf aliandika malalamiko jukwaani kwa niaba ya baba. Wengine nao waliandika, mpaka wenye jukwaa wakachoka na kurudisha tarehe. Jioni moja baba alituita sote.

"Habari ya simu haitoshi kuuzia ng'ombe," alisema. "Nenda kwanza ukaone kwa macho yako. Mimi sikwenda, na mnaona tunachokunywa. Mokami asilaumiwe na mtu. Yeye alisoma kilichoandikwa."

Akanishika bega. Nikatazama chini, na watu wakadhani ni haya zangu za kila siku.

Baba, atakayekusomea kisa hiki nilichokiandika asiruke hapa. "Jana" haikuandikwa popote. Niliisema mimi, kwa sababu niliona aibu kusema sijui.